Somo la 7: Kosa Lisilokusudiwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 15:22–31, Kumbukumbu la Torati 19:4, 5, 1 Samweli 1:9–18, Luka 2:41–50, Yoshua 9:3–21, Matendo 27, 2 Samweli 7:1–17, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Zaburi 19:12. Lisome katika Biblia yako pamoja na aya inayofuata, kisha likariri kwa moyo.

Fikiria kanisa dogo kando ya barabara itokayo Kyela mjini kwenda Matema. Ni Jumapili asubuhi. Mama mhazini na shemasi mmoja kijana wamekaa mezani wakihesabu zaka na sadaka za Sabato. Bahasha zinafunguliwa moja moja. Shemasi anataja kiasi, mhazini anaandika kitabuni. Mwisho wa kazi, fedha zilizo mezani ni pungufu ya zile za kitabuni kwa shilingi 18,000. Wanahesabu noti tena. Ni zile zile. Wanahesabu mara ya tatu. Shilingi 18,000 hazionekani.

Hakuna aliyeingia chumbani wala aliyetoka. Shemasi anatazama meza. Mhazini anatazama mikono ya shemasi. Kijana huyu amerudi kutoka Tunduma miezi michache tu iliyopita, na maneno juu yake hayajaisha. Kabla jua halijawa kali, watu wawili walioimba pamoja jana wameanza kuogopana. Kisa chao kitarudiwa kadiri juma linavyoendelea.

Kosa linapotokea, swali la kwanza la watu wengi ni, “Nani?” Neno la Mungu halikatai swali hilo, lakini huuliza na jingine: “Ilikuwaje?” Somo la juma hili linachunguza kwa nini watu wenye akili timamu, hata wacha Mungu, hukosea, jinsi Biblia inavyotenganisha kosa na uasi, na wajibu wa kanisa kwa mtu ambaye mkono wake umeteleza.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Shoka Lililochomoka

Soma Hesabu 15:22–31 na Kumbukumbu la Torati 19:4, 5. Sheria inatenganishaje matendo ya aina mbili ambayo kwa nje yanaweza kuleta hasara ile ile?

Lugha ya Kiswahili imeliweka jambo hili karibu. Aliyechelewa stendi amekosa basi. Mwindaji ambaye mshale wake umepita pembeni amekosa shabaha. Mwanafunzi aliyejumlisha vibaya amekosea hesabu. Aliyemuumiza jirani yake amemkosea. Yote yanatoka katika shina moja: kutofika pale palipolengwa. Kiebrania cha Agano la Kale kina jambo kama hilo. Kitenzi kinachotumika sana kwa kutenda dhambi ndicho kinachotumika katika Waamuzi 20:16 kwa wapiga kombeo wa Benyamini ambao hawakukosa shabaha.

Lakini sheria ya Musa haikuyatia makosa yote kapu moja. Kwa kosa la kutokusudia, la mtu mmoja au la mkutano mzima, la mwenyeji au la mgeni, kulikuwa na sadaka na msamaha. Kwa mtu aliyetenda kwa kiburi, akijua na kudharau, hukumu ilikuwa nyingine. Kumbukumbu la Torati inatoa mfano ambao mkulima yeyote wa Kyela anauelewa. Watu wawili wanakwenda msituni kukata miti. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake naye anakufa. Sheria haisemi kwamba hakuna kilichotokea. Mtu amekufa, na aliyeshika shoka lazima aache nyumba yake na shamba lake akimbilie mji wa makimbilio. Lakini sheria inakataa kumwita mwuaji. Miji sita ilitengwa kwa ajili ya watu kama huyo (Hesabu 35:13–15), ili hasira ya jamaa isitangulie uchunguzi.

Wataalamu wa saikolojia nao wamefika kwenye mgawanyo unaofanana na huo. James Reason, profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, alitoa mwaka 1990 kitabu kinachojulikana sana kuhusu makosa ya binadamu. Alitenga mtelezo, yaani mkono kufanya jambo ambalo akili haikukusudia, kama mtu anayetia chumvi katika chai. Kusahau, kama anayeacha sufuria motoni akaenda kisimani. Na kosa la uamuzi, ambapo kila hatua imefuatwa vizuri lakini mpango wenyewe haukuwa sahihi, kama mkulima anayepanda mpunga kwa mvua ya kwanza akidhani masika yameanza. Mbali na hayo matatu aliweka ukiukaji: mwendesha bodaboda anayepakia mshikaki huku akijua kwamba ni hatari na ni kinyume cha sheria.

Matatu ya kwanza hayatibiwi kwa kukemea. Aliyesahau hakuamua kusahau. Ukimkemea kwa ukali hutaongeza kumbukumbu yake. Utaongeza hofu yake, na mwenye hofu hujifunza kuficha. Zaburi 19 inafuata mpangilio huo huo: aya ya 12 inaomba kutakaswa kosa lililofichika hata kwa mwenyewe, na aya ya 13 inaomba kuzuiwa na kosa la kiburi. Ni maombi mawili, kwa sababu ni magonjwa mawili.

Ni kosa gani la hivi karibuni, lako au la mtu wa nyumbani mwako, ulilolihukumu kama uasi, nalo huenda lilikuwa mtelezo au usahaulifu?

JUMATATU: “Umelewa?”

Soma 1 Samweli 1:9–18. Eli aliona nini kwa macho yake, na ni nini alichojiongezea mwenyewe?

Kuhani Eli aliona midomo ya mwanamke ikicheza bila sauti kusikika. Hayo tu ndiyo aliyoyaona. Mengine aliyajaza. Ilikuwa siku za sherehe huko Shilo, watu wamekula na kunywa, na yamkini mzee huyo alikuwa ameshawaona walevi wengi karibu na hema. Akili yake ilichukua jambo jipya ikalivika vazi la zamani. Mwanamke aliyekuwa akiomba kwa uchungu kuliko wote mahali pale aliambiwa aache kulewa.

Ziwa Nyasa lina kisa kinachofanana na hicho kwa namna ya ajabu. Uingereza ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Ujerumani Agosti 4, 1914. Tarehe 13 mwezi huo, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilifika Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven. Pale ufukweni meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Rhoades akaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, nao walizoea kunywa pamoja walipokutana. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Akaingia katika mashua ndogo akaielekea meli iliyokuwa ikipiga, akamwuliza rafiki yake kwa hasira kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Berndt hakuwa mjinga. Alikuwa na maarifa ya jana katika ulimwengu wa leo, na akili yake ikatafuta maelezo miongoni mwa mambo aliyokwisha kuyajua. Rafiki akipiga mzinga, lazima amelewa. Siku ya Pentekoste pia, watu waliosikia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia walichagua maelezo yale yale (Matendo 2:12–15).

Hii ndiyo sababu mojawapo kubwa ya makosa. Macho hayapeleki akilini kila kitu. Akili hutangulia mbele, ikategemea kuona jambo fulani, na mara nyingi huliona hata kama halipo. Uwezo huo ni zawadi ya Muumba. Bila huo mtu asingeweza kumtambua ndugu yake kwa mwendo tu gizani, wala mvuvi asingesoma wingu juu ya Milima ya Livingstone. Lakini zawadi hiyo hiyo hukosea pale jambo jipya linapovaa sura ya jambo la zamani.

Sifa ya Eli ni kwamba alisikiliza. Hana alipojieleza, mzee hakushikilia neno lake la kwanza ili kulinda heshima yake. Palepale aligeuza karipio likawa baraka. Mtoto aliyezaliwa kwa ombi lile, Samweli, alikuja kuwa nabii, naye siku moja akamtazama Eliabu, kijana mrefu wa nyumba ya Yese, akadhani huyu ndiye mfalme (1 Samweli 16:6, 7). Hata nabii alihitaji kusahihishwa macho.

Mama mhazini aliitazama mikono ya kijana aliyetoka Tunduma. Je, angekaa mezani na mzee wa kanisa, angeitazama mikono yake vivyo hivyo? Ni watu gani katika kanisa lako ambao maelezo yao yamekwisha kuandikwa kabla hawajafungua kinywa?

JUMANNE: Walidhani

Soma Luka 2:41–50 na Yoshua 9:3–21. Mariamu na Yusufu walikosea wapi? Wazee wa Israeli je?

Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wazembe. Walikwenda Yerusalemu kila mwaka, wakaitimiza sikukuu, wakaanza safari ya kurudi pamoja na jamaa na majirani. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba mtoto yuko mahali fulani katika msafara. Basi wakaenda mwendo wa siku nzima bila Yesu. Kosa lao lilikaa katika neno moja dogo: walidhani. Kila mmoja anapodhani kwamba mwenzake ameangalia, hakuna anayeangalia.

Mto Songwe, unaoitenga Kyela na Malawi, ulishuhudia dhana ya namna hiyo mwanzoni mwa Septemba 1914. Kikosi cha Waingereza kilitoka Karonga kwenda kaskazini kuwakabili Wajerumani upande wa Songwe. Wakati huo huo Wajerumani walikwisha kuvuka mto, wakishika njia nyingine kuelekea Karonga. Majeshi mawili yalipishana bila kujuana. Asubuhi ya Septemba 9 Karonga ikashambuliwa ikiwa na walinzi wachache tu, na kikosi kilichokuwa kimekwenda kumtafuta adui ikabidi kigeuke kirudi. Wakuu wake walikuwa na mpango, na mpango ulikuwa na mantiki. Ila adui hakuwa mahali walipodhani yuko.

Habari ya Wagibeoni inakwenda mbali zaidi. Israeli hawakudhani tu; walichunguza. Waliushika mkate ulioota ukungu, wakaviona viriba vilivyopasuka na viatu vilivyochakaa. Ushahidi ulikuwepo, tena wa kushikika. Shida ni kwamba ushahidi wote uliletwa na yule aliyetaka aaminiwe, nao hawakumwuliza Bwana (aya ya 14). Mtu anaweza kuchunguza sana na bado akakosea, kama anachunguza upande mmoja tu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile mezani. Mhazini alihesabu noti mara tatu. Hakukifungua tena kitabu hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu kitabu alikiandika mwenyewe. Mtu anaposoma maandishi yake mwenyewe, mara nyingi husoma alichokusudia kuandika. Ndiyo maana waandishi huwapa wengine kazi zao wazisome, na ndiyo maana dua ya Zaburi 19 inapelekwa kwa Mungu: mkosaji hana jicho la tatu la kujiona mwenyewe.

Angalia pia namna kila kundi lilivyotengeneza. Wazazi walirudi Yerusalemu, wakatafuta mpaka wakampata. Wazee wa Israeli walibeba matokeo ya kiapo chao, hawakukivunja ili kufuta aibu. Kukiri dhana mbaya kunaweza kugharimu siku tatu za kutembea, au zaidi.

Ni jambo gani nyumbani au kanisani ambalo kila mtu anadhani mwenzake analishughulikia?

JUMATANO: Upepo Ulipokuwa Mwanana

Soma Matendo 27:9–26, 30–32, 42–44. Orodhesha sababu zilizomfanya yule akida aamue kusafiri. Je, zilikuwa sababu za kipumbavu?

Wavuvi wa Matema na Itungi wanaujua mwera, upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Kyela iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Wimbi lililoanzia mbali lina nafasi kubwa ya kukua kabla halijafika ufukweni. Asubuhi maji yanaweza kuwa kama kioo. Mzee aliyekwisha kuzika ndugu zake hutazama upeo wa kusini kabla hajausukuma mtumbwi. Kijana aliyeona asubuhi kumi zenye utulivu hutazama bei ya usipa.

Akida aliyemsafirisha Paulo alikuwa na sababu za kutosha. Bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi. Nahodha na mwenye merikebu, watu wa kazi hiyo, walishauri safari. Walio wengi walikubali. Kisha upepo wa kusini ukavuma taratibu, kana kwamba mbingu zenyewe zimeafiki. Upande wa pili ilikuwepo sauti moja tu, ya mfungwa. Wataalamu wa makosa wanalitambua jambo hili vizuri: mpango uliokwisha kuanza huwa na uzito wake, na dalili njema moja huonekana kubwa kuliko onyo. Tena neno la aliye chini huwa jepesi masikioni mwa aliye juu.

Tanzania ililijua jambo hili kwa machozi asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu kufika Mwanza, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi chake. Mamia ya watu walikufa. Meli ilipokuwa bado inaelea kichwa chini, watu wakiwa hai ndani, waokoaji walitoboa ubavu wake ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, na meli ikazama. Waliotoboa hawakutaka chochote isipokuwa kuokoa. Nia njema haikuwapa maarifa waliyoyahitaji saa ile.

Katika ajali kama hizo ni vigumu kumshika mtu mmoja ukasema, “Ni huyu.” Kuna aliyekata tiketi ya ziada, aliyepanda akijua meli imejaa, aliyeona akanyamaza, na aliyezoea kwa sababu safari zilizotangulia zilifika salama. Kila mmoja aliacha tundu dogo. Siku matundu yalipojipanga mstari mmoja, maji yakapita.

Lakini Matendo 27 haiishii kwenye dhoruba. Paulo aliwakumbusha kwamba hawakumsikiliza, mara moja tu, kisha akawatia moyo. Na mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, mfungwa yule yule alisema tena. Safari hii akida na askari walisikia, wakazikata kamba. Mwishoni akida ndiye aliyewazuia askari wasiwaue wafungwa. Aliyekosea katika aya ya 11 alikuwa mtu mwingine kufikia aya ya 43, na watu wote 276 walifika pwani salama.

Katika baraza la kanisa lako, ni nani ambaye sauti yake ni kama ya mfungwa? Mara ya mwisho aliposema, ni nani aliyemsikiliza?

ALHAMISI: Kutengeneza Nyavu

Soma 2 Samweli 7:1–17 na Wagalatia 6:1, 2. Nathani alifanya nini alipogundua kwamba ushauri wake haukuwa sahihi?

Daudi alipotaka kumjengea Bwana nyumba, nabii Nathani alimpa ruhusa palepale. Wazo lilikuwa jema na mfalme alikuwa mcha Mungu. Usiku ule ule Mungu akamwambia Nathani mambo mengine. Nabii akarudi kwa mfalme na neno tofauti. Hakungoja mawe yachongwe. Hakutafuta namna ya kuonyesha kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa lililosahihishwa kabla ya msingi kuchimbwa halikumgharimu Israeli hata tofali moja.

Mama mhazini hakusahihisha usiku ule ule. Kufikia ibada ya maombi ya Jumatano, minong’ono ilikwisha kumfikia shemasi, naye hakuja kusali. Mama alikuwa ameuza kakao kidogo, akafikiri kutoa shilingi 18,000 zake azitie kimya kimya katika mfuko wa kanisa. Hesabu ingekubali. Lakini kitabu kingebaki na uongo, na kijana angebaki mwizi midomoni mwa watu. Alhamisi jioni akaenda kwa mzee wa kanisa, karani mstaafu wa chama cha ushirika.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

“Mzee, kitabu na fedha havikubaliani. Elfu kumi na nane. Tangu Jumapili nimenyamaza.”

Mzee hakuuliza ni nani aliyekuwa mezani. Akachukua penseli. “Gawanya kwa tisa.”

“Elfu mbili.”

“Imebaki kitu?”

“Haikubaki.”

“Basi tuangalie kitabu kwanza, kabla hatujaangalia mtu.”

Makarani wa zamani wanaijua njia hiyo. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa tisa bila baki. Peke yake hiyo si hakika, ila inaonyesha pa kuanzia. Wakapitia bahasha moja moja wakilinganisha na kitabu. Ya kumi na moja ilikuwa imeandikwa na mtoaji 68,000. Kitabuni ilisomeka 86,000.

Mama akaitazama kwa muda mrefu. “Ni mkono wangu,” akasema.

Hakulala kabla hajafika nyumbani kwa kijana. Alimwambia mbele ya mama yake mzazi yale aliyoyaandika, na pia yale aliyoyawaza. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi. Kijana akanyamaza, kisha akasema, “Ndaga fijo, mama. Nilikuwa nimeamua Sabato hii nisije tena.”

Paulo anaposema juu ya mtu aliyeghafilika katika kosa, analiagiza kanisa limrejeze upya kwa upole. Kitenzi cha Kiyunani alichokitumia ndicho kinachotumika katika Mathayo 4:21 kwa wana wa Zebedayo waliokuwa wakizitengeneza nyavu zao. Mvuvi wa Nyasa hautupi wavu kwa tundu moja. Wala hawezi kuliacha tundu, kwa maana usipa wote watapita hapo. Hukaa kivulini, akaueneza wavu magotini, akalitafuta tundu kwa vidole, akashona.

Kwenye kitabu cha fedha makarani hufanya vivyo hivyo. Hawafuti kwa wembe wala kwa wino mweupe. Huikata tarakimu mbaya kwa mstari mmoja, ili isomeke bado, wakaandika iliyo sahihi juu yake na kutia sahihi. Kukiri kwa kweli kunafanana na hilo: kosa linaonekana, sahihisho linaonekana, na jina la aliyesahihisha lipo. Kanisa lile lilifanya jambo moja zaidi. Tangu juma lile, anayeandika huisoma tena kwa sauti tarakimu aliyoiandika, na mwenzake huitazama bahasha kabla ya kuitikia. Hawakutafuta mhazini asiyeweza kukosea. Walishona tundu.

Ni nani anayengoja uende kwake uliyaseme yale uliyoyawaza juu yake?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Waebrania 5:1, 2. 9:7 na Hesabu 35:25–28.

Aliyekimbilia mji wa makimbilio alikaa humo hata kifo cha kuhani mkuu. Ndipo aliporudi kwenye shamba lake. Katika Wazee na Manabii, Ellen G. White anaieleza miji hiyo kama mfano wa kimbilio lililo ndani ya Kristo. Waebrania nayo inaonyesha kwamba kuhani mkuu alipoingia patakatifu pa patakatifu mara moja kwa mwaka, damu aliyoichukua ilihusu hata makosa ambayo watu waliyatenda bila kujua. Hili ni faraja kubwa. Huduma ya Kuhani Mkuu wa mbinguni haiishii kwenye dhambi ambazo mwamini amezikumbuka na kuzitaja. Inafika pia mahali ambapo jicho la mwenyewe halifiki.

Kwa hiyo mkristo hana haja ya kuishi kama mtu ambaye kosa moja litamwangamiza. Anayeamini kwamba kosa moja litamwangamiza atalificha; na kosa lililofichwa hugeuka. Mtelezo wa kalamu wa Jumapili ulikuwa umebakiza hatua moja tu uwe uongo, na uongo ungebakiza hatua moja umtoe kijana kanisani. Kilichouzuia ni nyumba ya mzee ambamo mtu aliweza kuingia na kusema, “Nimenyamaza,” akakaribishwa kukaa.

Maswali ya Kujadili

1. Katika makosa ya aina nne yaliyotajwa Jumapili (mtelezo, kusahau, uamuzi usio sahihi na ukiukaji), ni lipi ambalo kanisa lenu hulishughulikia kwa ukali usiostahili? Lipi hulivumilia kupita kiasi?

2. Mtu fulani anasema, “Nilikosea tu, sikukusudia,” kila mara, nalo kosa ni lile lile. Ni wakati gani uzembe wa kutokagua mpini wa shoka unaacha kuwa ajali? Jadilini mkitumia Kutoka 21:28, 29.

3. Eli alisahihishwa na mwanamke aliyemdharau, akida na mfungwa, Daudi na nabii aliyerudi kulibadili neno lake. Ni nini kinachowazuia viongozi wasisahihishwe leo? Vijana wafundishweje kusema kwa heshima, na wazee kusikiliza bila kuona wamevunjiwa heshima?

4. Kama mama mhazini angelipa shilingi 18,000 kimya kimya, ni nani angepata hasara, na hasara gani? Kwa nini amani inayonunuliwa kwa kuficha si amani?

5. Katika darasa, chagueni kazi moja ya kanisa (fedha, watoto wa Shule ya Sabato, safari za makambi, chakula cha pamoja). Tafuteni pamoja mahali ambapo kila mtu “anadhani” mwenzake ameangalia. Amueni juma hili ni nani atakayeangalia, na ni nani atakayemwangalia huyo.